Gitaa halikuzaliwa baa: Historia ya nyuzi za umeme katika makanisa ya Nakuru

Kila Desemba 1 inapowadia, wakazi wa Nakuru hukumbuka siku ya mwaka 2021 ambapo Rais Uhuru Kenyatta aliukabidhi mji wao hati ya kuwa jiji, la nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Fahari za jiji zinapohesabiwa, hutajwa heroe wa ziwani, kreta ya Menengai, uwanja wa Afraha na njia panda ya reli. Gitaa la umeme la kanisani halitajwi, ingawa linasikika kila wiki kutoka mitaa ya London na Kaptembwa hadi Free Area, Lanet na Kiamunyi, usiku wa kesha na asubuhi ya ibada.

Likitajwa, hutajwa kwa lawama. Jirani hulalamikia kelele, naye ana haki yake, kwa kuwa kanuni za kudhibiti kelele zilizotungwa mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira haziyaachi makanisa nje. Lakini lipo lalamiko la pili, la ndani ya kanisa lenyewe, kwamba gitaa la umeme ni ala ya baa iliyopenyezwa madhabahuni na vijana. Hilo ni kosa la historia, na wakati umefika wa kulisahihisha.

Tuanzie mbali. Magitaa ya kwanza ya umeme yalitengenezwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kabla muongo huo haujaisha, mwanamke aliyelelewa katika kanisa la Kipentekoste, Sister Rosetta Tharpe, mzaliwa wa Cotton Plant, Arkansas, alikuwa ameanza kurekodi nyimbo za injili. Alianza mwaka 1938, na muda si mrefu gitaa lake likawa la umeme. Aliimba makanisani, akaimba pia katika kumbi za starehe, na waumini wengi walimlaumu kwa hilo. Waliokuja kuitwa mababa wa roki walijifunza kwake. Kwa hiyo gitaa la umeme lilikuwa mikononi mwa mtu wa kanisa mapema kuliko wengi wanavyodhani, na ugomvi juu yake una umri karibu sawa na ala yenyewe.

Huku kwetu, wamisionari wa Africa Inland Mission walihamia Kijabe, ukingoni mwa Bonde la Ufa, mwaka 1903. Wao na wenzao wa Kianglikana, Kikatoliki na Kipresbiteri walileta vitabu vya nyimbo na kinanda. Ngoma ilihesabiwa kuwa ya mizimu na uchezaji ukawa dhambi. Muumini mpya alitakiwa kusimama wima na kuimba sauti nne.

Jean Kidula, mtaalamu wa muziki kutoka Kenya aliyeandika kitabu cha mwaka 2013 kuhusu nyimbo za Kikristo za Walogooli, anasisitiza jambo ambalo wanahistoria wa misheni walikuwa wakilipita haraka: Waafrika hawakupokea muziki huo na kuuacha ulivyo. Waliutia mdundo wao, lugha yao na miili yao, hata ukawa wao. Kidula anazungumzia magharibi mwa Kenya, lakini Nakuru ni mahali pazuri pa kuliona jambo hilo, maana reli na mashamba ya walowezi viliwakusanya hapa Waluhya, Waluo, Wakikuyu, Wakalenjin na Wakamba, kila jamii na namna yake ya kumwimbia Mungu.

Kabla ya gitaa, lawama zilikuwa za kodiani. Miaka ya 1930 na 1940 vijana wa Kikuyu waliipenda kwa ajili ya mwomboko, dansi ambayo wahubiri waliilaani. Baadaye kodiani iliingia kwenye nyimbo za injili na leo haimshtui mtu. Akurinu, waumini wenye vilemba ambao Nakuru ni mojawapo ya ngome zao, walishika ngoma na kuifanya moyo wa ibada yao. Walidharauliwa na kuteswa. Mwaka 1934 polisi wa kikoloni waliwaua watatu kati yao katika msitu wa Ndarugu. Ngoma yao haikunyamaza.

Gitaa lenyewe lilisambaa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Fundi Konde, askari wa kikosi cha burudani vitani, alikuwa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kupiga gitaa la umeme. Kutoka magharibi alivuma George Mukabi na mtindo wa kudona nyuzi kwa vidole viwili huku chupa ya Fanta ikikwaruzwa kushika mdundo. Upande wa Wakipsigis, rekodi za Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani na gitaa lake, ziliwagusa watu kiasi kwamba mwaka 1950 Hugh Tracey alipofika Kapkatet na mashine yake, aliwakuta wakimwimba kwa jina la Chemirocha. Baadaye Kipchamba arap Tapotuk akazifanya nyimbo za Kikalenjin zizungumze kwa gitaa.

Mlango wa kanisa ulifunguka taratibu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake ya liturujia Desemba 1963, ikakubali muziki wa mataifa mbalimbali katika ibada. Nchini Uingereza, Jeshi la Wokovu lilitoa bendi ya vijana wenye magitaa ya umeme, The Joystrings, mwaka 1964. Nchini Kenya hatua kubwa ikaja mwaka 1970, Joe Kayo alipoanzisha Deliverance Church jijini Nairobi. Kayo aliokoka mwaka 1957 katika mkutano wa mhubiri T.L. Osborn mjini Mombasa, na kanisa lake liliwavuta vijana wa sekondari na vyuo. Uamsho wa aina hiyo ulipanda hadi Nakuru, Eldoret na Kericho, na gitaa likapanda nao.

Wakati huohuo wanamuziki wa Kongo walikuwa wamejaa Kenya. Super Mazembe, Les Mangelepa na wenzao waliwafundisha vijana wetu kugawanya kazi: gitaa la ridhimu linashika mwendo, bezi linabeba nyumba, solo linajibizana na mwimbaji. Sifa zikipamba moto, wimbo unaachwa, solo linazunguka juu ya kodi tatu na watu wanacheza. Hiyo ndiyo sebene, na hakuna ibada ya sifa Nakuru leo isiyoijua.

Lakini tukio lililoonyesha waziwazi jinsi gitaa linavyovutwa kati ya dunia na kanisa lilitokea mwaka 1993, na mhusika alikuwa Joseph Kamaru.

Kamaru alizaliwa Kangema, Murang'a, mwaka 1939. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960, gitaa lake na sauti ya dada yake Catherine Muthoni vilikuwa katika kila nyumba ya Mkikuyu yenye santuri. Wimbo wake kuhusu mwalimu anayemtongoza mwanafunzi uliwaudhi walimu hata wakatishia kugoma. J.M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini aliyekuwa na makao yake Gilgil, katika iliyokuwa wilaya ya Nakuru, alipouawa Machi 1975, Kamaru aliimba kilio ambacho wengi waliogopa hata kukinong'ona. Huyo hakuwa mpiga gitaa wa kawaida. Alikuwa mwalimu wa maadili, mwandishi wa habari na mwombolezaji wa taifa kwa pamoja.

Mwaka 1993 akatangaza kwamba ameokoka. Akaivunja bendi yake, Kamaru Super Sounds, na kuunda nyingine ya injili. Mashabiki waliokua na nyimbo zake waliona wameporwa. Waumini nao waligawanyika: wako waliomshukuru Mungu kwa samaki mkubwa namna hiyo, na wako waliouliza kama vidole vilivyopiga nyimbo za mapenzi kwa miaka 25 vinaweza kutakaswa kwa siku moja. Mauzo hayakuwa kama zamani. Baadaye alirudi jukwaani na nyimbo zake za kale, hadi alipofariki Oktoba 3, 2018, akiomboleziwa na kanisa na dunia pamoja.

Swali la waumini wale lilikosewa tangu mwanzo. Lilichukulia kwamba nyuzi zina dhambi au utakatifu wa kwao. Kamaru alitumia mkono uleule kumlilia J.M., kuwakemea walimu na kumsifu Mungu, na katika yote matatu alisema kweli. Kilichobadilika ni maneno na nia. Anayelilaumu gitaa anamwachilia mpigaji, ambaye ndiye mwenye kujibu mbele ya Mungu na watu.

Na tukitaka kusema nani alimwibia nani, tukumbuke kwamba ubebaji haukuwa wa upande mmoja. Mtindo wa mugithi, wa mtu mmoja na gitaa lake baani, ulipotamba mikononi mwa akina Mike Rua, sehemu ya mvuto wake ilikuwa kuchukua tuni za nyimbo za kanisani na kuzitia maneno ya matani na mapenzi. Mtafiti Maina wa Mutonya ameuandikia mtindo huo kwa kina. Wapenzi wa mugithi waliimba pamoja kwa urahisi kwa sababu tuni hizo walizijua tangu Sunday school. Wanaosema baa imeingia kanisani wakumbuke pia kwamba kanisa liliingia baa.

Damaris Parsitau, msomi aliyefundisha Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, aliliona hilo mapema. Katika makala zake za mwaka 2006 na 2008 alionyesha kwamba muziki wa injili umetoka kanisani ukaingia matatuni, harusini, sokoni, kumbini na hata kwenye majukwaa ya siasa, kama ilivyokuwa mwaka 2002 pambio la imani lilipogeuzwa kuwa wimbo wa kumwaga Rais Moi.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kasi. Redio binafsi za lugha za mama zilizoanza mwaka 2000 ziliupeleka muziki wa injili kila kijiji, na Kanisa Katoliki la Nakuru likawa na Radio Amani yake. Emmy Kosgei alithibitisha kwa "Taunet Nelel" kwamba sifa za Kikalenjin zinaweza kuitikisa nchi nzima. Vijana wa sasa wanajifunza mitandaoni na kuiga mwangwi wa magitaa ya Hillsong ya Australia, mara nyingi bila kujua kwamba Kapkatet na Kangema ziliwatangulia.

Kutojua huko hakukuja kwa bahati mbaya. Kanisa la Bonde la Ufa limetunza majina ya maaskofu wake na tarehe za kuwekwa kwa mawe ya msingi. Dayosisi ya Kianglikana ya Nakuru inajua kwamba ilianzishwa mwaka 1961, na ile ya Kikatoliki kwamba ilianzishwa mwaka 1968. Lakini nani alipiga solo kwanza katika makanisa yao? Nani alibeba amplifaya begani kwenda krusedi ya Molo au Subukia? Hayo hayamo vitabuni. Mpiga gitaa wa kanisa ameachwa ajihudumie: nyuzi ananunua mwenyewe, mazoezi ni ya bure, na nauli ya kurudi nyumbani baada ya kesha hakuna anayeiuliza. Kisha kanisa hilohilo humlipa msanii mgeni kutoka Nairobi kwa saa moja.

Hili linarekebishika. Chuo Kikuu cha Kabarak kina kitivo cha muziki, na Egerton ina watafiti wa dini na jamii. Serikali ya kaunti ina idara ya utamaduni. Wakishirikiana na makanisa, wanaweza kuwarekodi wazee waliopiga magitaa hayo miaka ya 1970 na 1980 wakiwa bado hai na vidole vyao vikikumbuka. Nawe msomaji, kama kuna kanda, picha ya kwaya au gitaa la zamani chini ya kitanda nyumbani kwenu, usiitupe. Andika nyuma yake jina la mpigaji, kanisa na mwaka, kisha umpelekee mchungaji wako.