Mbeba Bunduki na Mtoto wa Mwanasesere: Historia Fupi ya Wahusika wa Pembeni katika Gemu za Mtandaoni

Ndani ya World of Warcraft, gemu iliyofunguliwa Novemba 2004, kuna msitu unaoitwa Stranglethorn, na ndani ya msitu huo kuna kambi ya wawindaji. Mwenye kambi anaitwa Hemet Nesingwary. Chukua herufi za jina hilo, zichanganye kama karata, kisha zipange upya: utapata Ernest Hemingway. Mzee huyu kazi yake ni kukutuma porini ukaue wanyama, leo chui, kesho simbamarara. Na hapohapo kambini kuna kazi nyingine: kusanya kurasa zilizotawanyika za kitabu kiitwacho The Green Hills of Stranglethorn.

Msomaji wa fasihi hapo lazima atabasamu. Green Hills of Africa kilitoka mwaka 1935, na milima ile ya kijani ni ya kwetu: ni masimulizi ya safari ya uwindaji aliyoifanya Hemingway Tanganyika. Utani wa waandishi wa gemu, basi. Lakini nimeufikiria utani huu muda mrefu, maana ndani yake mna mambo mawili ambayo watu wa fasihi tunayadharau: kazi za pembeni, yaani zile shughuli ndogondogo nje ya kisa kikuu, na wenza wanaoendeshwa na kompyuta, wale wanaotembea nyuma yako wakibeba silaha na kusubiri amri. Hoja yangu ni kwamba humo pembeni ndimo gemu za mtandaoni zilimojifunza kusimulia.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa karatasi na dadu. Tangu mwanzo mchezo ule uliruhusu kuajiri watu wa kukusindikiza. Unawalipa, nao wanakufuata gizani. Idadi ya wafuasi ilitegemea haiba ya mhusika wako, na utiifu wao ulipimwa. Yaani mwenza wa kwanza alikuwa kibarua. Ana mshahara na ana woga, lakini hana kisa.

Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw alianza kuandika programu iliyoitwa MUD, na Richard Bartle akaiendeleza. Ilikuwa dunia ya maandishi matupu: unaandika amri, kompyuta inakujibu kwa sentensi, na watu kadhaa wanaweza kuwemo humo kwa wakati mmoja. Viumbe vilivyoendeshwa na kompyuta viliitwa “mobiles”, vitu vinavyotembea. Jina hilo likafupishwa kuwa “mob”, na mpaka leo wachezaji wanalitumia kwa kiumbe chochote kilichowekwa hapo ili kiuawe. Kwa hiyo mwanzoni kabisa mtandaoni, asiye mtu alikuwa na kazi moja tu, kufa.

Aliyebadili mambo hakuwa hata mtandaoni. Mwaka 1983 kampuni ya Infocom ilitoa Planetfall, gemu ya maandishi ya mtu mmoja iliyoandikwa na Steve Meretzky. Humo kuna roboti anaitwa Floyd. Ana tabia za mtoto: anapiga soga, anataka kucheza, anakufuata kila chumba. Halafu unafika mahali penye hatari ambapo kuna kitu unachokihitaji, na Floyd anajitolea kuingia yeye. Anakuletea, na anakufa mikononi mwako. Hakuna picha, hakuna muziki, ni maneno tu kwenye kioo cheusi, na wachezaji walilia. Kibarua alikuwa amepata kisa.

Sasa basi, kwa nini gemu za mtandaoni hazikuchukua somo la Floyd mara moja? Kwa sababu ya tatizo ambalo mwandishi wa riwaya hana. Katika riwaya shujaa ni mmoja. Katika gemu ya mtandaoni kuna watu maelfu, na kila mmoja ameambiwa kuwa yeye ndiye mteule atakayeokoa dunia. Ukimuua joka asubuhi, mchana lipo tena, maana kuna mwingine anakuja kuliua. Floyd atakufaje, wakati nyuma yako kuna foleni?

Wabunifu wa mwanzo wakalikwepa swali hilo kwa kusema: mwenza wako atakuwa mtu halisi. EverQuest ya mwaka 1999 na Final Fantasy XI ya mwaka 2002 zilijengwa hivyo. Peke yako huendi mbali; tafuta kikundi. Wazo zuri, na urafiki wa kweli ulizaliwa humo. Ila lilidhani kwamba kila mtu ana watu wa kucheza nao, saa zinazofanana, na intaneti ya kueleweka.

Hapa nijisemee mwenyewe. Mimi nimecheza gemu hizi kutoka Dar, usiku wa manane, kwa bando la usiku, seva ikiwa Ulaya. Unabonyeza, unasubiri, mkono wa mhusika wako unainuka baadaye. Vikundi vya watu nisiowajua vilinivumilia dakika kumi hivi, kisha nikajikuta nimetolewa bila hata kuagwa. Siwalaumu sana, na wao walitaka kumaliza walale. Lakini ndiyo maana Guild Wars, iliyotoka Aprili 2005, ilinikaa moyoni. Ukikosa watu, unachukua wasaidizi wa kompyuta pale mjini, mnaondoka. Mwaka 2006 sehemu yake iitwayo Nightfall ikaleta wenza unaowavisha na kuwafundisha mwenyewe. Kisa chake kilikuwa Elona, nchi iliyoazima mengi kutoka sura za Afrika, na mwenza wa kwanza kabisa alikuwa Koss, shujaa mwenye mdomo mrefu kama mjomba wa harusini. Koss hakuwahi kunitoa kwenye kikundi.

Na Guild Wars ilikuwa na Gwen. Mwanzoni mwa gemu, kabla nchi ya Ascalon haijachomwa na maadui, unakutana na mtoto wa kike anayezurura. Hana umuhimu wowote kwa kisa kikuu. Ukimchumia maua mekundu anafurahi. Ukimnunulia filimbi anaipiga. Na ukitaka, anakufuata. Kazi ya pembeni kuliko zote. Halafu moto unashuka, nchi inageuka majivu, na gemu haikuambii Gwen amepatwa na nini. Wachezaji wakabaki wanaulizana. Mwaka 2007, katika Eye of the North, akarudi: mwanamke mzima, aliyeonja utumwa mikononi mwa maadui walewale, mwenye hasira isiyoisha, na sasa ni mwenza anayepigana ubavuni mwako. Mwaka 2011 akafunga ndoa na askari aitwaye Keiran Thackeray, na gemu iliyofuata, yenye kisa cha miaka 250 baadaye, ina kiongozi mmoja ambaye ni wa uzao wao. Mtoto wa filimbi kawa bibi wa ukoo. Kilichomtoa pembeni ni kwamba watu walimuulizia.

Turudi Stranglethorn. World of Warcraft haikuanza na wenza wa namna hiyo. Nguvu yake ilikuwa kazi za pembeni, maelfu yake, kila moja ikitangazwa kwa alama ya mshangao ya njano juu ya kichwa cha mtoa kazi. Maelezo ya kila kazi yaliwekewa kikomo cha herufi 511. Aya ndogo tu. Ndani ya aya hiyo mwandishi aseme nani anaomba, kwa nini, wapi, na malipo gani.

Mwaka 2009, kwenye mkutano wa watengenezaji wa gemu huko San Francisco, Jeff Kaplan, mmoja wa viongozi wa gemu hiyo, alizikosoa kazi hizi hadharani. Alisema waandishi waache kuandika kitabu ndani ya gemu, maana hakuna anayetaka kukisoma. Na mfano wake wa kazi mbovu ulikuwa zile kurasa za Nesingwary, ambazo alizibuni yeye mwenyewe: kurasa zilijaza mifuko ya wachezaji, na watu walishinda wakitangaziana nani ana ukurasa upi.

Kuhusu kurasa zile, Kaplan alikuwa sahihi. Kuhusu kusoma, nabisha. Wenye utamaduni wa utenzi hatutishwi na kikomo. Mtunzi wa utenzi anapewa mizani nane kwa kipande, na humo anaingiza vita vizima. Aya ya herufi 511 inatosha kabisa, ilimradi ibebe kitu kingine zaidi ya “ua kumi, urudi”.

Ushahidi wangu ni Pamela. Katika gemu hiyohiyo, kwenye nchi iliyoliwa na tauni, kuna kijiji kilichokufa kiitwacho Darrowshire. Ndani ya nyumba iliyobomoka unamkuta mtoto, Pamela Redpath, anayekuomba umtafutie mwanasesere wake. Unamtafuta, amevunjika vipande. Kadiri unavyoendelea unaelewa kwamba mtoto ni mzimu, kwamba anamsubiri baba yake, Joseph, na kwamba baba alikufa katika vita vya kukilinda kijiji, roho yake ikachafuliwa. Mwisho wake unaviingia vita vile vilivyopita, unamkomboa Joseph, na roho yake inakwenda kukutana na mwanawe. Hakuna aliyekulazimisha. Ungeweza kumpita Pamela kabisa.

Unapoondoka, mchezaji mwingine anafika, na Pamela anamuomba amtafutie mwanasesere. Wakosoaji wengi wanaona huu ndio udhaifu wa gemu za mtandaoni, kwamba hakuna kinachobadilika. Mimi naona wanalinganisha na kitu kisichofaa, yaani riwaya. Walinganishe na ngano. Bibi akisema paukwa, nasi tukaitikia pakawa, sungura aliyeshinda jana anaanza tena leo, na hakuna mtoto anayelalamika kwamba mambo hayakubadilika. Anayebadilika ni msikilizaji. Kazi ya pembeni nzuri ni ngano inayomngoja kila anayepita.

Mwenza ndiye jibu la upande wa pili. Dunia haikumbuki ulichofanya, basi awepo mmoja anayekumbuka. Star Wars: The Old Republic, iliyofunguliwa Desemba 2011, ililijenga wazo hilo kwa gharama kubwa: tabaka nane za wahusika, kila moja na wenza wake wenye sauti za waigizaji. Wanakubaliana nawe au wanakununia, wanapokea zawadi, na ukiwazoea wanakufungulia visa vyao. Mwaka 2021 The Elder Scrolls Online ikafuata na Bastian na Mirri, ambao nao wana wanayoyapenda na yanayowachukiza. Kuna mambo utayafanya njiani, uone wamekununia. Hata World of Warcraft imesalimu amri: tangu 2024 unaweza kuingia baadhi ya mapango na kikundi kizima cha kompyuta, au na mzee Brann Bronzebeard.

Kuna huzuni katika historia hii, nisiifiche. Gemu zilizoahidi kutukutanisha na watu zimeishia kututengenezea watu. Lakini angalia pia faida yake. Guild Wars ya kwanza bado inachezeka, miaka ishirini baadaye, kwa sababu tangu Machi 2011 unaweza kujaza kikundi chako na wenza saba wa kompyuta. Watu walipoondoka, Koss na Gwen ndio waliobaki kuishikilia dunia ile.

Nimalizie na mtu mmoja. Katika safari ile ya Tanganyika, Hemingway alikuwa na mbeba bunduki aitwaye M'Cola. Ukisoma kitabu utaona mwandishi anamtazama sana, anatania naye, anajali mzee huyu anamwonaje. Wenyeji wengine wawili walioonyesha njia wanaitwa Droopy na Garrick. Hayo si majina yao, ni lakabu alizowabandika, moja kwa ajili ya macho yaliyolegea, nyingine kwa jina la mwigizaji wa Kiingereza. Walijua nyayo, upepo, maji yako wapi. Katika kitabu, kazi yao ni kutembea pamoja na shujaa. Nyumbani kwao walikuwa na kisa gani, hatuambiwi. Na gemu ilipokuja kumtania Hemingway, ikachukua bunduki, kambi na wanyama. M'Cola hayumo.

Siku hizi vijana wanatukanana kwa kuitana NPC, kifupi cha mhusika asiyeendeshwa na mtu: yaani huna akili yako, wewe ni wa kupamba njia ya wengine. Kila nikilisikia tusi hilo namkumbuka M'Cola, na nakumbuka Kusadikika ya Shaaban Robert, ambamo Karama, akiwa kizimbani, hajitetei kwa kisa chake. Anasimulia safari za wajumbe sita waliosahauliwa gerezani, moja baada ya nyingine, na hukumu yote inageukia hapo.

Kwa hiyo ukiingia katika gemu hizi, ndugu msomaji, usikimbilie joka. Joka lipo, halitoki. Yule anayekufuata nyuma, muulize kwao ni wapi. Gemu nyingine zimeshamwandikia jibu. Zile ambazo hazijamwandikia, ndizo tunazopaswa kuziandika sisi.