Kidhibiti presha, si kishusha presha

Kuna orodha ya istilahi za tiba inayozungushwa siku hizi miongoni mwa wafasiri, na ndani yake dawa za shinikizo la juu la damu zimepewa jina la "vishusha shinikizo". Nimeisoma, nikaikataa, na nimewaandikia wahusika sababu zangu. Jibu nililopata ni mistari miwili: kwamba neno limeshapitishwa, na kwamba wananchi wamelizoea neno kushusha. La kwanza si hoja. La pili ni kweli, na hapo ndipo penye hatari yenyewe.

Kitazame kitenzi shusha. Hamali hushusha mzigo, kondakta hushusha abiria, mfanyabiashara hushusha bei. Kote huko tendo lina ukomo: kilichokuwa juu kikishafika chini, kazi imekwisha. Mgonjwa anayeambiwa "hii ni dawa ya kushusha presha" huielewa kwa kanuni hiyohiyo ya lugha yake. Anameza wiki kadhaa, anarudi kupimwa, anaambiwa 128 kwa 82, anafurahi, na vidonge vinabaki kabatini. Imeshuka, ameze tena ya nini? Hajakosea Kiswahili hata kidogo; Kiswahili alichopewa ndicho kilichompeleka huko. Mwingine huenda mbali zaidi. Akiona tarakimu zimepungua huingiwa na hofu kwamba sasa ana "presha ya kushuka", ugonjwa wa pili ulioletwa na dawa, naye huacha kumeza kwa nia ya kujiokoa.

Nasikitika kwamba waliokaa kuandaa orodha ile hawakuligusa jambo hili. Maelezo yao yote yamekwenda kwenye swali la kama maneno yale mawili yaandikwe pamoja au mbalimbali.

Pendekezo langu ni kidhibiti presha, wingi vidhibiti presha. Asili ya dhibiti ni mzizi wa Kiarabu wenye dhadi, ba na ta nzito, ambao maana yake ni kukamata na kushikilia bila kulegeza, na kwa upanuzi, kulifanya jambo kwa usahihi. Mzizi huo umeingia Kiswahili kwa milango miwili: kitenzi dhibiti, na kivumishi madhubuti, ambacho kwa asili ni "kilichoshikwa barabara". Wapo wanaouchanganya na thabiti na thibitisha. Hayo ni maneno ya ukoo mwingine, wenye tha na ta nyepesi, ukoo wa kusimama imara na kuhakikika. Kuyachanganya ni kosa, na nimelikuta kosa hilo katika maandishi ya watu waliopewa kazi ya kutusahihisha sisi. Tena Waarabu wenyewe, wanapozungumzia tiba hii, husema pia dhabt dhaght ad-dam: dhabt ni kule kudhibiti, dhaght ni shinikizo, ad-dam ni damu. Wao hawakuishia kwenye kushusha. Wanalo pia tendo lisilo na siku ya mwisho.

Kiswahili nacho kimekwishalifanyia kazi neno hili mahali pengi. Tanzania ina Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na hakuna anayetarajia kwamba hesabu zikiwa sawa mwaka mmoja ofisi hiyo itafungwa. Kenya, kanuni za uchukuzi zilizoanza kutekelezwa mwaka 2004 zilipoamuru matatu zisipite kilomita 80 kwa saa, kifaa kilichofungwa kikaitwa kidhibiti mwendo. Kazi yake si kusimamisha gari; ni kulizuia lisivuke kiwango, safari nzima, iwe barabara imejaa au nyeupe. Muundo wa neno ndio uleule ninaoutaka.

Mwenzetu mmoja ameandika kunipinga akisema kwamba ki- ya namna hii ni ya vyombo tu, kwa hiyo kidhibiti presha kitadhaniwa kuwa ni mashine. Lakini kiuavijasumu ni chombo? Ni dawa, na tumekitumia miaka mingi bila mtu kukitafuta dukani kwenye rafu ya mashine. Ile inayofungwa mkononi inaitwa kipima presha. Kupima na kudhibiti ni vitenzi viwili, na mgonjwa anavijua vyote viwili.

Kuhusu presha na shinikizo sitakawia. Shinikizo ni neno zuri la darasani, ila magazetini limekwisha kuchukuliwa na migomo na siasa, na likisemwa peke yake, shinikizo la damu, si jina la ugonjwa: kila aliye hai analo, na asiye nalo amekufa. Ugonjwa ni shinikizo la juu la damu, nalo hilo la juu huangushwa njiani kila siku. Kuna pia kanieneo la wanafizikia, kani juu ya eneo, ambalo nalistahi palepale lilipo. Mgonjwa wa Tandika, wa Likoni na wa Ng'ambo anasema presha. Dawa ni yake, na jina liwe lake.

Anayedhani huu ni ugomvi wa maneno matupu aikumbuke nifedipini. Kwa miaka mingi hospitalini, mgonjwa akifika na presha ya kutisha, kapsuli ya nifedipini inayofanya kazi haraka ilitobolewa na kuwekwa chini ya ulimi. Tarakimu zilianguka mbele ya macho ya wote. Mwaka 1996 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha makala iliyotaka desturi hiyo isitishwe, kwa sababu wapo waliopata kiharusi na mshtuko wa moyo baada ya hapo. Mwili uliozoea presha kubwa kwa miaka, ukiangushiwa presha kwa dakika chache, ubongo na moyo hukosa damu. Dawa ile ilishusha kweli. Ilichoshindwa ni kudhibiti. Hata leo yupo jirani mwema anayemkimbilia mwenye presha na kidonge chake mwenyewe ili "kuishusha upesi", na neno lililoko kinywani mwake ni hilohilo mnaloliingiza sasa katika orodha rasmi.

Matumizi ya dawa hizi basi, kwa ufupi. Mtu mzima huhesabiwa kuwa na ugonjwa huu akipimwa siku mbili tofauti na kukutwa 140 kwa 90 au zaidi. Dawa huandikwa na tabibu baada ya kumwuliza mgonjwa habari za figo, kisukari na ujauzito, kwani enalaprili na losartani humdhuru mtoto tumboni, na mjamzito hupewa nyingine, kama methildopa. Dawa iliyomfaa dada yako si lazima ikufae wewe. Amlodipini ikikuvimbisha miguu, au enalaprili ikikuletea kikohozi kikavu kisichokwisha, rudi ubadilishiwe, usiache kimyakimya. Atenololi ikikatwa ghafla huweza kuurudisha ugonjwa kwa nguvu na kuuumiza moyo. Diklofenaki na ibuprofeni zinazonunuliwa kwa maumivu ya mgongo hupandisha presha na kuzielemea figo, kwa hiyo mwuza dawa aambiwe unameza nini. Ukisahau kidonge cha jana, usimeze viwili leo.

Kwenye bahasha ya dawa, mahali panapoandikwa "ya presha" na kalamu ikainuliwa, naomba paandikwe, kwa mfano, hivi: Kidhibiti presha. Kidonge kimoja kutwa mara moja, kila siku, hata presha ikiwa imekaa sawa. Bahasha inatosha kwa maneno hayo, na mfamasia hahitaji kusubiri kikao cha waandaaji wa orodha ili kuyaandika.