Jicho Moja

Nakiri kosa. Kwa miaka mingi katika chuo cha ualimu niliwafundisha wanachuo kwamba watu wa asili moja huiona hadithi kwa jicho moja. Filamu ya Crazy Rich Asians ya 2018 ilinisuta. Marekani iliingiza zaidi ya dola milioni 170; China hazikufika milioni 2. Waasia wa Marekani walikuwa wamengoja miaka 25, tangu The Joy Luck Club ya 1993, kuona studio kubwa ya Hollywood ikiwapa tena watu wa sura yao filamu ya maisha ya leo. Lakini mtu wa Beijing huziona sura hizo kila jioni katika televisheni (nani angelia kwa hilo?), yeye alionyeshwa matajiri wa Singapore wakizungumza Kiingereza. Wanachuo wangu sasa ni walimu wakuu, na nahofu kosa langu wangali nalo madarasani.