Sensa, Mtihani na Kadi: Ushahidi wa Kisomo cha Watu Wazima Tanzania, 1967–2012

Katika maandishi mengi kuhusu elimu ya watu wazima nchini Tanzania, takwimu mbili hutajwa pamoja. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa asilimia 67. Mwaka 1986 walibaki asilimia 9.6. Baadaye ikaongezwa ya tatu: sensa ya 2012 ilionesha kuwa watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi waliojua kusoma na kuandika walikuwa takriban asilimia 78, yaani wasiojua walikuwa asilimia 22. Tarakimu hizi zikipangwa katika mstari mmoja, huzaliwa historia ya taifa lililopanda kwa kasi kisha likaporomoka. Historia hiyo imekubalika kwa urahisi mno. Tarakimu hizo tatu hazikupatikana kwa njia moja, na tofauti baina ya njia hizo huenda ni kubwa kuliko tofauti baina ya miaka.

Takwimu ya 1967 inatokana na sensa. Karani wa sensa hafanyi mtihani. Huuliza kaya kuhusu watu wake, hupokea jibu, huliandika na kwenda nyumba ya pili. Mara nyingi anayejibu ni mkuu wa kaya, naye husema kwa niaba ya mke, mama na vijana. Hapa lugha yenyewe ina uzito. Neno lililotumiwa na serikali na chama kwa hali ya kutojua kusoma lilikuwa ujinga, mmoja wa maadui watatu wa taifa pamoja na maradhi na umaskini. Neno hilohilo mitaani ni tusi. Kumuuliza mtu mzima mbele ya watoto wake kama anajua kusoma kulikuwa pia kumuuliza juu ya heshima yake, na mtafiti anayetumia majibu hayo hana budi kulikumbuka hilo kabla ya kuyahesabu.

Kipimo kilichofuata kilikuwa cha namna nyingine kabisa. Baada ya mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa uliosaidiwa na UNESCO katika mikoa ya Ziwa, na baada ya mwaka 1970 kutangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, TANU iliazimia mwaka 1971 kwamba ujinga ufutwe nchi nzima ifikapo mwisho wa 1975. Mtihani wa kwanza wa taifa ulifanyika Agosti 1975. Ikafuata mingine mwaka 1977, 1981, 1983 na 1986, na kila mara asilimia ya wasiojua ilitangazwa kuwa imeshuka: 39, 27, 21, 15, kisha 9.6. Matokeo yalipangwa katika hatua nne. Hatua ya kwanza ilikuwa ya aliyejiandikisha na kuhudhuria angalau theluthi mbili ya vipindi. Hatua ya pili, ya anayetambua herufi, maneno na tarakimu. Ni waliofika hatua ya tatu na ya nne tu waliohesabiwa kuwa wanajua kusoma na kuandika. Hatua ya tatu ilidai sentensi fupi na hesabu nyepesi, ilhali ya nne ilimtaka mtu aweze kusoma gazeti, kuandika barua na kutunza hesabu zake.

Mpango huu ulikuwa bora kuliko sifa iliyopewa asilimia yake. Uliukubali ukweli kwamba kusoma kuna daraja, jambo ambalo swali la ndiyo au hapana haliwezi kulionesha. Hata hivyo, katika safari kutoka kwenye majedwali hadi kwenye hotuba, hatua ya tatu na ya nne zilijumlishwa, na aliyeweza kusoma sentensi moja akawa sawa na msoma gazeti. Watafiti waliofuata wakairithi jumla hiyo badala ya majedwali.

Kuna na swali la kigawanyo. Mwaka 1975 walioandikishwa walizidi milioni 5, lakini waliofanya mtihani hawakufika milioni 4. Hao waliokosekana ni nani? Mtu aliyeona haya ya kushindwa, mama aliyekuwa shambani, na mtu aliyekwisha kujua kusoma wote wangeweza kukosekana siku hiyo, na kila mmoja angeivuta asilimia upande wake. Aidha, mtihani uliendeshwa na mfumo uleule uliosimamia madarasa. Walimu wengi walikuwa wa kujitolea, waliopata posho ya shilingi 30 kwa mwezi, na viongozi wa wilaya walikuwa na lengo la chama la kutimiza. Kusema hivyo si kudai kwamba matokeo yalipikwa. Ni kusema tu kwamba anayefundisha ndiye aliyehesabu, na ushahidi wa namna hiyo huhitaji shahidi wa pili kutoka nje.

Shahidi wa aina hiyo alikuja kwa kuchelewa. Tafiti za kitaifa za afya na idadi ya watu za miaka ya 2000 zilimpa mhojiwa kadi yenye sentensi na kumwomba aisome, ingawa waliofika sekondari walichukuliwa kuwa wanajua bila kujaribiwa. Sensa ya 2012 nayo ilirudi kwenye njia ya kuuliza. Kwa hiyo ndugu wa takwimu ya 2012 ni ile ya 1967, si ile ya 1986. Zikilinganishwa hizo mbili, baada ya kusawazisha makundi ya umri, linaloonekana ni ongezeko kubwa. Anguko la baada ya 1986 halithibitishwi na tarakimu hizi. Wala kupanda hadi asilimia 90 hakuthibitishwi nazo.

Lakini ongezeko hilo nalo si mali ya kampeni peke yake. Azimio la Musoma la 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa wote, na watoto walioingia shule baada yake ndio watu wazima wa sensa za baadaye. Mwanakisomo aliyekuwa na miaka 30 wakati wa mtihani wa 1975 alikuwa na miaka 67 mwaka 2012. Anayetaka kujua kilichobaki cha kampeni atafute basi safu ya wazee katika majedwali ya umri, wanawake na wanaume mbalimbali, huku akikumbuka kwamba wengi wa rika hilo walikwisha kufariki. Pembeni ya safu hiyo aweke nakala za Elimu Haina Mwisho, gazeti la wasomaji wapya wa Kanda ya Ziwa, kumbukumbu za maktaba za vijiji, na usaili wa wanakisomo wenyewe, wakiulizwa si kama wanajua kusoma bali ni kitu gani walichosoma mara ya mwisho, na nani aliwaandikia.