Sare (sataranji)

Sare (pia: droo) katika sataranji ni matokeo ya mchezo usio na mshindi, kila mchezaji hupata nusu pointi.

Hutokea mwenye zamu akikosa hatua halali ilhali mfalme wake hashambuliwi, au wachezaji wakipatana. Inaweza pia kudaiwa mpangilio uleule wa kete ukitokea mara tatu, au kila upande ukicheza hatua 50 bila kula kete wala kusogeza kitunda.

Kwa sheria za FIDE, ambayo Tanzania, Kenya na Uganda ni wanachama, anayeomba sare husogeza kete kwanza, hutamka ombi, kisha hubonyeza saa. Ombi halifutwi, hudumu hadi mpinzani akubali, akatae kwa mdomo, au aguse kete kwa nia ya kuicheza. Ombi likitolewa mpinzani anapofikiri ni halali, lakini laweza kuhesabiwa usumbufu, sawa na kurudiarudia maombi bila sababu. Mwamuzi anaweza kutoa adhabu.

Mwaka 2005 mashindano ya M-Tel Masters mjini Sofia, Bulgaria, yalikataza wachezaji kupatana wenyewe, ili michezo isimalizwe mapema bila ushindani.