Taa Iliyozimika Three Mile Island

Hebu jiweke kwenye chumba cha udhibiti cha mtambo wa nyuklia wa Three Mile Island, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Ni Jumatano, 28 Machi 1979, saa kumi alfajiri. Hitilafu imetokea, ving'ora vinalia kila upande. Vali moja imefunguka ili kupunguza presha, na sasa taa yake imezimika. Unajua maana yake: imeshajifunga.

Kumbe wapi! Taa ile ilionyesha tu kwamba amri ya kufunga imetumwa. Kama vali imetii au imekwama, haikuwa na habari. Maji ya kupoza kinu yakavuja kwa zaidi ya saa mbili, huku waendeshaji, wakidhani maji yamezidi, wakipunguza hata yale ya dharura. Karibu nusu ya kiini cha kinu ikayeyuka.

Sasa toka nje, uwe mkazi wa pale. Asubuhi hiyo naibu gavana, William Scranton, anatangaza kwamba hali imedhibitiwa, maana ndivyo kampuni ilivyomwambia. Mchana anarudi kusema mambo ni magumu kuliko kampuni ilivyoeleza. Ijumaa helikopta inapima milirem 1,200 kwa saa juu kabisa ya bomba la kutolea hewa. Maofisa wanaielewa vibaya, kana kwamba ni kipimo cha chini, wanakoishi watu. Gavana Dick Thornburgh anasema kaeni ndani. Baadaye siku hiyohiyo: wajawazito na watoto wadogo walio ndani ya maili 5 waondoke. Wewe ungebaki? Watu wapatao 140,000 walifungasha.

Tume iliyoundwa na Rais Carter ilikuta kwamba mionzi iliyowafikia watu ilikuwa kidogo, na kwamba madhara makubwa kiafya yalikuwa msongo wa mawazo. Wapo wanaosoma hapo na kusema, si unaona, hofu ya bure tu. Mimi siafiki. Mama aliyeambiwa Jumatano hakuna shida, Ijumaa akaambiwa ahamishe mtoto, hakuhitaji shahada ya fizikia ili aache kuwaamini.

Mwaka 1982 wapiga kura wa kaunti tatu za jirani walikataa, takriban wawili kwa mmoja, kinu cha pembeni ambacho hakikuharibika kisiwashwe tena. Kura yao haikuwa na nguvu kisheria. Mwaka 1985 kikawashwa.