Zuri: Kivumishi Kilichogeuka Jina la Binti

Ukifungua kamusi yoyote ya Kiswahili utalikuta neno hili likiwa limetanguliwa na kistari: -zuri. Kistari hicho kina maana yake. Kinamwambia msomaji kwamba neno halijakamilika, kwamba ni shina linalosubiri nomino ili livae kiambishi chake: mtoto mzuri, kitabu kizuri, nyumba nzuri, maua mazuri. Hata hivyo, nchini Marekani wapo leo maelfu ya mabinti walioandikishwa kwa shina hilo, bila kistari na bila kiambishi. Wanaitwa Zuri.

Mzungumzaji wa Kiswahili anapolisikia jina hili kwa mara ya kwanza, mara nyingi hutabasamu na kuuliza: zuri, kitu gani? Swali hilo ni halali kisarufi, lakini halitoshi kulieleza jina. Tukitaka kulielewa hatuna budi kuiacha sarufi kwa muda na kuitazama historia, kwa sababu jina hili halikuzaliwa Mombasa wala Unguja. Lilizaliwa ng'ambo, mikononi mwa watu walioichagua lugha yetu kwa sababu zao wenyewe.

Tuanze na swali la kwa nini sisi hatukulitumia. Utamaduni wa majina katika Uswahilini umeegemea mambo matatu: wakati, tukio na dua. Wapo kina Mwanajuma, Mwanahamisi na Chausiku, waliopewa majina ya siku au saa ya kuzaliwa. Wapo kina Tabu, Shida na Mashaka, ambao majina yao yanahifadhi hali ya nyumba walimozaliwa. Kisha wapo kina Rehema, Neema, Riziki na Subira, ambao majina yao ni maombi ya mzazi. Uzuri wa sura ulipotajwa, ulitajwa kwa maneno yaliyotoka Uarabuni, kama Jamila na Hasna. Kumwita mtoto kwa neno la mtaani lenye maana ya uzuri kungeonekana kama kujisifu, na mwenye kujisifu hukaribisha kijicho. Zaidi ya hayo, wahenga walituachia tahadhari juu ya uzuri wa mkakasi, ambao ndani ni kipande cha mti. Mzazi wa Kiswahili aliona afadhali kumwombea mwanawe neema kuliko kumtangazia uzuri.

Hii haina maana kwamba majina yetu hayakuwahi kubeba siasa. Mwimbaji mashuhuri wa taarabu, Siti binti Saad, alizaliwa Fumba, Unguja, na jina alilopewa utotoni lilikuwa Mtumwa. Jina la heshima la Siti alilipata baadaye, kwa sauti na kipaji chake, na ndilo alilokuwa nalo aliposafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo. Kutoka Mtumwa hadi Siti si umbali mdogo. Ni umbali uleule ambao Wamarekani weusi walitamani kuuvuka.

Kwao hali ilikuwa nzito zaidi. Mwafrika aliyeshushwa melini katika Amerika alipoteza, pamoja na uhuru wake, jina lake. Aliandikwa katika vitabu vya mali kwa jina alilopenda bwana wake. Utumwa ulipokomeshwa mwaka 1865, majina ya mabwana yalibaki katika koo za waliokuwa watumwa. Ndiyo maana katika karne ya 20 suala la jina likawa uwanja wa mapambano. Malcolm Little alilifuta jina la ukoo na kuweka herufi X mahali pa jina lisilojulikana. Mshairi LeRoi Jones akawa Amiri Baraka. Mshairi Don L. Lee akawa Haki Madhubuti, na ni vigumu kupata jina lililo la Kiswahili kuliko hilo.

Mwaka 1966, mwaka mmoja baada ya ghasia za Watts mjini Los Angeles, Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Kwanzaa, yenye nguzo saba zilizotajwa kwa Kiswahili: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba na imani. Mbili za mwisho miongoni mwa zile zinazofaa kuitwa mtu, yaani Nia na Imani, zikawa majina ya mabinti. Mlango ulikuwa umefunguliwa, na Zuri alipita katika mlango huohuo.

Wapo waliohoji, na wana hoja. Wengi wa mababu wa Wamarekani weusi walichukuliwa kutoka Afrika ya Magharibi na Afrika ya Kati, si kutoka pwani ya wasemao Kiswahili. Kwa nini basi wasichague Kiyoruba au Kiwolofu? Jibu lina sehemu mbili. Kwanza, Kiswahili hakikuwa lugha ya kabila moja. Mtu asiyejua kabila la babu yake angeweza kukishika bila kudai ukoo asio na uhakika nao. Pili, katika miaka ile Kiswahili kilikuwa na mahali kiliposimama. Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu mwaka 1963. FRELIMO ilikuwa imeundwa mjini humo mwaka 1962. Malcolm X alifika huko mwaka 1964 na kuonana na Mwalimu Nyerere. Azimio la Arusha lilitangazwa mwaka 1967. Kiswahili kilipendwa ng'ambo kwa sababu kilikuwa sauti ya nchi iliyokuwa inasimamia jambo.

Linabaki swali la kwa nini uzuri. Katika miaka ya 1940 wanasaikolojia Kenneth na Mamie Clark waliwaonyesha watoto weusi wanasesere weupe na wa rangi ya kahawia, wakawauliza yupi ni mzuri na yupi ni mbaya. Wengi wa watoto hao walimchagua mweupe kuwa ndiye mzuri. Utafiti huo ulitajwa katika hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 1954, iliyoharamisha ubaguzi katika shule za umma. Katika miaka ya 1960 ndipo ikapaa kaulimbiu iliyosema kwamba weusi ni uzuri. Mzazi anayemwita binti yake Zuri katika jamii yenye historia kama hiyo hajisifu. Anamwekea mwanawe jibu la swali atakaloulizwa kabla hajajua kusoma.

Umaarufu wa jina wenyewe ni wa karibuni. Idara ya Hifadhi ya Jamii ya Marekani hutunza takwimu za majina ya watoto tangu mwaka 1880, na kila mwaka hutaja majina 1000 yanayopendwa zaidi. Zuri liliishi nje ya orodha hiyo kwa muda mrefu, kisha likaingia na kupanda katika muongo wa 2010. Filamu na televisheni zilichangia. Mwaka 2011 kituo cha Disney kilianza kuonyesha tamthilia ya vichekesho iitwayo "Jessie", yenye msichana mchangamfu aitwaye Zuri, aliyeasiliwa kutoka Uganda. Mwaka 2018 filamu ya "Black Panther" ilimpa jina hilo mzee wa kiume, jambo linaloonyesha kwamba hata huko halijafungwa kwa jinsia moja. Kisha mwaka 2019 ikatoka "Hair Love", filamu fupi ya katuni inayomhusu baba anayejaribu kumtengeneza binti yake nywele. Binti huyo anaitwa Zuri. Filamu ilipata tuzo ya Oscar mwaka 2020. Si sadfa kwamba katika mwaka huohuo wa 2019 jimbo la California lilikuwa la kwanza nchini humo kupiga marufuku ubaguzi wa mtu kwa sababu ya mitindo ya nywele za asili.

Nirudi sasa kwa mwenye kutabasamu. Sarufi yenyewe haimuungi mkono kikamilifu. Katika ngeli ya JI-MA kivumishi hiki husimama bila kiambishi: jambo zuri, ua zuri, jina zuri. Kwa hiyo ingawa Zuri halipatani na mtoto, linapatana na jina. Huenda waliolichagua hawakulijua hilo. Lakini lugha imewapokea pasipo wao kubisha hodi.

Hapa pana jambo linalotuhusu sisi. Tunajivunia, na tuna haki ya kujivunia, kwamba UNESCO mwaka 2021 iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na kwamba Umoja wa Afrika uliifanya lugha hii kuwa lugha yake ya kazi mwaka 2022. Lakini zaidi ya nusu karne kabla ya maazimio hayo, wapo waliokipokea Kiswahili bila kuombwa na serikali yoyote, wakawapa watoto wao. Walivutwa na utu uliokuwa ndani ya maneno, na utu huo hauwezi kupitishwa kwa azimio la mkutano.

Je, sisi wenyewe tumebaki nao? Kaskazini mwa Hispania na kusini magharibi mwa Ufaransa wapo Wabaski, wenye lugha isiyo na udugu na Kiswahili hata kidogo. Katika lugha yao lipo neno zuri, na maana yake ni "nyeupe". Kwao ni sadfa ya sauti tu. Lakini sikiliza mazungumzo yetu ya harusini na vijiweni, ambamo "mzuri" na "mweupe" hutajwa kwa pumzi moja kama visawe. Tazama pia mkorogo na krimu za kuchubua ngozi zinavyouzwa katika masoko yetu licha ya marufuku. Katika nchi lilikozaliwa neno, tunalitumia kana kwamba tumelijifunza kwa Wabaski.

Mama wa Chicago anayemwita binti yake Zuri hawezi kuunda sentensi ya Kiswahili, na akijaribu atakosea viambishi. Maana ya neno hilo, hata hivyo, ameilinda. Sisi tunaojua viambishi vyote tunadaiwa jibu juu ya maana tunayowarithisha mabinti zetu.